Mwalimu wa Kwanza na Kozi ya Likizo

Vudee nzima, kijijini kwetu milimani Upare, tulimwita Mwalimu wa Kwanza. Alifundisha darasa la kwanza tu, mwaka hadi mwaka, na kila alipopangiwa darasa jingine alirudi ofisini kwa mwalimu mkuu akasema, "Hao wameshaharibika. Nipe wasiojua kitu." Mimi mwenyewe yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Baadaye nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa shule ileile, nikakuta kiti changu ofisini kimewekwa kando ya chake. Kwa miezi kadhaa sikuweza kukikalia yeye akiwa amesimama.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka kama mtu anayewahi gari. Alifika kabla ya kengele, akafagia darasa mwenyewe, kwa sababu alidai watoto wanahamisha vumbi kutoka kona moja kwenda nyingine. Mfukoni mwa sweta lake hakukosa kopo la mafuta ya mgando. Huku kwetu juu, mwezi wa sita na wa saba, ukungu hukaa hadi saa nne na miguu ya watoto hupasuka kwa baridi. Aliwapanga mlangoni, akainama, akawapaka mmoja mmoja kuanzia magotini hadi vidoleni, huku akiwauliza herufi za jana. Ukikosea, mkono uleule uliokupaka mafuta ulichukua fimbo.

Fimbo yake ilikuwa tawi la mbuni, mti wa kahawa, limenyooka, halina gome. Utaratibu wake tuliujua wote: unasogea mbele, unanyoosha viganja vyote viwili pamoja, kama mtu anayepokea kitu, na huvirudishi mpaka aseme "nenda". Kuna watoto waliojikojolea kwa kuitwa jina tu. "Sitaki machozi," alikuwa akisema, "nataka herufi." Na herufi alizipata. Ilipofika mwezi wa kumi darasa lake zima lilikuwa linasoma, hata wale ambao nyumbani kwao hapakuwa na karatasi yenye maandishi. Wazazi walimshukuru. Wengine walimletea watoto wao siku ya kwanza wakasema mbele ya mtoto, "Mwalimu, macho tu ndiyo yetu, mengine ni yako."

Nje ya darasa ungedhani ni mtu mwingine. Hakuweza kuangalia kuku akichinjwa. Kanisani ulipoanza wimbo wa kumwombea mgonjwa alikuwa wa kwanza kutoa leso. Mtoto wa shule akifariki, yeye ndiye aliyekaa na mama wa marehemu siku tatu, akimpikia uji na kumlazimisha anywe. Mimi nilimpenda na nilimwogopa, na sikuwahi kuona kwamba hayo ni mambo mawili.

Alikuwa amebakiza miaka mitano astaafu tulipoambiwa kwamba walimu wa cheti wanatakiwa wajiendeleze. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimeanza kutoa masomo ya likizo pale Same, katika madarasa ya sekondari ambayo wanafunzi wake wamekwenda nyumbani. Unasoma Juni na Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na ukimaliza awamu zote unapata stashahada. Masomo yalikuwa matatu makubwa: elimu kwa ujumla, makuzi ya mtoto, na Kiingereza. Mimi nilijiandikisha kwa hiari. Yeye alijiandikisha kwa hasira.

"Nimefundisha hata waliowafundisha hao," alisema tukiwa kwenye gari linaloshuka. "Sasa naenda kuambiwa mtoto ni nini."

Tulipangiwa kitanda cha juu na cha chini katika bweni la wasichana. Yeye chini, mimi juu. Same kuna joto ambalo mtu wa mlimani halizoei, na tulikuwa walimu wa kila mahali: wa Ugweno, wa Mwanga, wa vijiji vya tambarare. Wengi walikuwa vijana kama mimi, wenye simu na kundi la mtandaoni ambamo tulitumiana maswali. Yeye alikuja na madaftari yaliyofunikwa kwa gazeti. Aliandika kila kitu, alipiga mstari chini ya kila kichwa cha habari kwa rula, na mhadhiri akichelewa alifuta ubao.

Kiingereza ndicho kilichomvunja. Alikisoma zamani, kwa kukariri, na tangu hapo hakuwa amekihitaji. Mwalimu wa somo hilo alikuwa kijana mchangamfu kutoka Dar es Salaam, asiye na ubaya wowote, aliyependa watu wasome kwa sauti mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Mwalimu wa Kwanza ilipofika alikutana na neno "island", yaani kisiwa. Lina herufi S ndani yake ambayo inaandikwa na haitamkwi. Yeye akaitamka.

Darasa likacheka. Walimu wazima, watu wenye watoto wao, wakacheka.

"Rudia, mama," kijana akasema kwa upole.

Akairudia vilevile. Wakacheka tena. Mara ya tatu alikunja karatasi, akakaa.

Mchana tulipokuwa tunafua aliniuliza, "Kwa nini waiandike kama hawaitaki?" Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikamua nguo muda mrefu, kisha akasema, bila kuniangalia, "Leo nilikaribia kujikojolea, mwanangu. Mimi, na umri huu." Akatundika nguo kwenye kamba, akaenda zake.

Somo la makuzi ya mtoto lilifundishwa na mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya chini, ambaye hakutumia maneno makubwa. Mihadhara yake ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo kanuni, lakini akiona nyuso zetu zimekauka alieleza tena kwa Kiswahili. Katika awamu yetu ya pili, Desemba, alifika kwenye watoto wenye matatizo ya kusikia. Alisema walio wengi hawajulikani kwa sababu si viziwi kabisa, au walisikia kidogo kabla ya kuugua. Akaanza kutaja dalili. Mtoto anayetazama mdomo wako. Mtoto anayenakili vizuri ubaoni ila ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki. Mtoto anayechungulia jirani yake kujua nini kimesemwa. Mtoto anayejibu kitu ambacho hukuuliza. "Mwalimu humwita mjeuri," alisema.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mwalimu wa Kwanza. Nilimwona akiandika dalili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha kalamu ikasimama. Mhadhiri aliendelea, nasi tukaendelea kuandika, naye hakuandika tena. Mwishoni kabisa alinyoosha mkono.

"Na akipigwa?"

"Samahani, mama?"

"Mtoto huyo. Akipigwa kwa kutoitikia. Anakuwaje?"

Mhadhiri alifikiri kidogo. "Atajifunza kwamba watu wazima wanapiga," alisema. "Sababu hataijua. Hajaisikia."

Mwalimu wa Kwanza akashukuru, akakaa. Alikusanya vitu vyake polepole, rula, kalamu, daftari, akatoka kabla ya wengine.

Nilijua anamfikiria nani, kwa sababu na mimi nilikuwa namfikiria huyohuyo. Tulikuwa na mwenzetu darasa la kwanza aliyeitwa Nakijwa. Aliwahi kuugua homa kali kabla hajaanza shule. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wetu wote, na kwa sababu hiyo Mwalimu wa Kwanza hakuweza kuamini kwamba hajui kuitika. Alimwita, Nakijwa akakaa kimya. Alimwambia "simama", Nakijwa akaendelea kuandika. "Huyu ana kiburi cha kwao," alisema, akamwita mbele. Alipigwa karibu kila siku, mwaka mzima. Hakufaulu kuvuka, akarudia darasa, akapigwa mwaka wa pili. Baada ya hapo hakuja tena, na nilisikia shangazi yake aliyeolewa Ugweno amemchukua.

Nilimkuta Mwalimu wa Kwanza bwenini amekaa kwenye ngazi za mlangoni, jua linawaka, hajavua viatu.

"Ulikuwa darasa moja na Nakijwa," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Alikuwa hasikii?"

Ningeweza kusema sikumbuki. "Alikuwa hasikii, mwalimu."

"Nyie mlijua?"

"Tulijua."

"Wote?"

"Wote. Tukitaka kumwita tulimgusa bega. Kwenye mchezo wa kukimbizana tulikuwa tunampungia mkono."

Alitazama uwanja wa mpira ulioungua kwa jua. Watu walipita, wakamwamkia, hakuitikia.

"Watoto arobaini," alisema, "wa miaka saba. Mlijua, na mimi nilikuwa na cheti. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuogopa, mwalimu."

Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini kuna kweli nyingine ambayo sikumwambia, na namwambia hapa yeyote anayesoma. Siku Nakijwa alipoitwa mbele, sisi wengine tulipona. Hasira ya mwalimu ilikuwa imepata pa kwenda. Nilikaa dawati la pili, nikashukuru.

Jumamosi ile hakukuwa na kipindi. Aliniambia twende, na sikuuliza wapi. Tulipanda basi hadi Mwanga, tukachukua bodaboda mbili zikatupandisha Ugweno, mimi nimefumba macho kwenye kona, yeye mbele yangu ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Tuliulizia. Shangazi alikuwa hai, mwanamke mchangamfu, akatukaribisha kwenye ua ulio katikati ya migomba. Mwalimu wa Kwanza alijitambulisha kwa jina lake la ukoo na la kijiji, akasema alimfundisha Nakijwa.

"Aa, mwalimu wake!" shangazi akasema. "Mungu akubariki. Yupo, anachambua kahawa nyuma."

Alikwenda kumwita. Nakijwa alitoka amebeba ungo, mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye umri wangu, kilemba kichwani. Mimi hakunitambua. Alimtazama Mwalimu wa Kwanza kwa muda. Akainama akaweka ungo chini vizuri, bila kumwaga punje. Akasogea hatua tatu. Akanyoosha viganja vyote viwili, pamoja, akangoja.

Shangazi alicheka kidogo, cheko la mtu asiyejua aweke wapi uso. "Amekukumbuka," alisema.

Mwalimu wa Kwanza alivishika vile viganja, akavishusha. Nakijwa akavinyanyua tena. Hakuwa amesikia "nenda", wala hakuwahi kuisikia. Siku zile alikuwa akijua adhabu imekwisha kwa kuona fimbo imewekwa mezani, na hapo hapakuwa na fimbo wala meza.

"Mwambie nimekuja kumwomba radhi," Mwalimu wa Kwanza alimwambia shangazi.

Shangazi alimgeukia Nakijwa, akainua mkono, mkono ukabaki hewani. Akaushusha. "Mwalimu, usinione vibaya," alisema. "Tunazo alama zetu za hapa nyumbani. Tuna maji, kuni, kula, njoo, mvua, mgonjwa. Hiyo ya radhi hatuna. Hatujawahi kuihitaji."

Tulipewa ndizi na chai. Nakijwa ndiye aliyetuhudumia, haraka, bila kosa, na kila Mwalimu wa Kwanza alipojisogeza kidogo kwenye kiti, yeye alisimama.

Tulirudi Same kwa basi la jioni.

Shule ilipofunguliwa Januari hakuingia na fimbo. Ningependa kuandika kwamba mambo yalikuwa mazuri. Hayakuwa. Watoto waliofundishwa na kaka na dada zao kumwogopa walichukua wiki mbili kugundua kwamba hapigi, na wiki ya tatu darasa lilisikika hadi barabarani. Alikuwa hajui njia nyingine. Alijaribu nyimbo, alijaribu kokoto na mbegu za maharage, alijaribu kila kilichokuwa kwenye daftari lake la Same, na mengine yalifanya kazi na mengine hayakufanya. Siku moja mwezi wa pili alimpiga mtoto kofi. Nilisikia kelele zimekatika ghafla, nikatoka darasani kwangu, nikamkuta ameegemea ukuta wa nje akitapika.

Mwezi wa kumi, watoto kumi na wawili walikuwa hawajui kusoma. Haikuwa imewahi kumtokea.

Alikuwa ameanza pia kuwapima masikio. Alisimama nyuma ya mtoto mmoja mmoja, akagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko, taratibu, halafu kwa nguvu. Alipata wawili ambao hawakugeuka vizuri. Mmoja, baba yake alimpeleka hospitali Moshi, ikaonekana ni usaha wa siku nyingi, akatibiwa. Wa pili, baba yake alikuja shuleni amekasirika. "Mwalimu, mwanangu si bubu," alisema mbele yetu. "Wewe zamani ulikuwa unafundisha. Siku hizi unapiga masufuria."

Katika mkutano wa wazazi aliomba nafasi ya kusema. Alisimama akamtaja Nakijwa kwa jina na jina la baba yake, akaeleza alichomfanyia kwa miaka miwili, akasema hakuwa na kiburi, alikuwa hasikii. Akasema kama kuna mwingine aliyemwumiza hivyo, amwambie. Watu walitazama chini. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye wanawe wanne walipita mikononi mwa Mwalimu wa Kwanza, alisimama.

"Mwalimu, usijitese," alisema. "Ulitupigia watoto wakawa watu. Mmoja wangu ni mhandisi."

"Na Nakijwa?"

"Huyo ilikuwa bahati mbaya."

Wakapiga makofi. Walimpigia yeye, kumfariji, na niliona jinsi kila kofi lilivyokuwa linamfunga mdomo. Baadaye mwalimu mkuu alimwita akamwomba yale maneno yaishie hapo, kwa heshima ya shule. Mimi nilikuwepo mkutanoni. Nilikuwa nimekaa safu ya walimu. Ningeweza kusimama nikasema na sisi tulijua. Sikusimama.

Kozi aliendelea nayo hadi mwisho. Elimu kwa ujumla alipita kwa shida. Kiingereza alianguka, akarudia, akaanguka tena. Mtihani wa mwisho wa makuzi ya mtoto ulikuwa na swali la mtoto asiyesikia vizuri: zieleze dalili zake na jinsi ya kumsaidia darasani. Nilipoliona nilimtafuta kwa macho upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa ameinama, anaandika, na alikuwa wa mwisho kutoka.

"Umejibu la nne?" nilimwuliza nje.

"Kurasa sita."

Alikuwa ameziandika kwa Kiswahili. Aliniambia alianza kwa Kiingereza, akaandika sentensi mbili, akaona haya anayoyaandika siyo anayoyajua. Akayakata kwa rula, akaanza upya. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi, majibu kwa Kiingereza tu, na zile kurasa sita hazikusahihishwa. Yule mhadhiri wa sauti ya chini alimfuata hadi bwenini. Alimwambia amezisoma zote, na kwamba tangu aanze kufundisha hajasoma jibu kama lile, na kwamba hana la kufanya. Mwalimu wa Kwanza alimwitikia, "Ahsante kwa kuzisoma," akaendelea kufunga begi.

Mimi nilipata stashahada. Yeye alistaafu na cheti chake. Siku ya kumuaga walimpa kanga na ndoo yenye mfuniko, na mzee wa kanisa akahutubia kuhusu mhandisi.

Darasa la kwanza nimepewa mimi.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa mwaka jana, Same mjini, siku ya gulio. Nilikuwa nimeshuka kwa shughuli za idara ya elimu, nikamwona amekaa kwenye benchi la mama anayeuza chai karibu na magari ya mlimani. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa bandeji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Unywe chai."

Nilikaa. Nilimwuliza anatoka wapi na mguu ule, akasema Ugweno. Nikashangaa. Kumbe tangu astaafu alikuwa akienda kila baada ya miezi michache. Mara ya kwanza alimpelekea Nakijwa kitenge, akakipokea kwa kuinama. Mara ya pili alitaka kumsaidia kuchambua kahawa, Nakijwa akamwondolea ungo na kumletea kiti. Aliwahi kumpelekea mtu anayefundisha lugha ya alama, kijana wa Moshi, akakaa naye siku nzima. Nakijwa alifanya kila alichoonyeshwa, na kijana alipoondoka hakukirudia hata kimoja.

"Nilikuwa nakwenda kumtesa," alisema. "Nilikuwa sijui. Nadhani natubu, kumbe kila nikitokea pale uani namrudisha darasani."

"Na safari hii?"

Alipuliza chai yake. "Safari hii shangazi hakuwepo. Nilibisha hodi kwa kutikisa lile bati la mlango, maana analiona likitikisika. Akatoka. Akaniangalia, uso wangu wote, mpaka miguuni. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia anaweka komeo."

"Pole sana, mwalimu."

"Usinipe pole." Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka niliona ule ukali wake wa zamani machoni. "Tangu ana miaka saba, mtu yule hajawahi kunikatalia kitu. Hata kimoja, mpaka safari hii."

Kondakta wa gari la Vudee alianza kuita watu. Nilimsaidia kusimama, nikambebea kikapu chake cha vitunguu hadi mlangoni. Nilimwuliza kama atakwenda tena mguu ukipona.

"Kufanya nini?" alisema. "Si ameshasema."

Akapanda, akakaa dirishani upande wa jua, akafunga kioo.